Dirisha la programu likitoweka, usiizime kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapotezea watu wa Mombasa kazi na pesa, ilhali dawa yake ni vitufe vitatu au vinne vya kibodi. Ni lile tatizo la dirisha la programu kutoonekana. Mtu anafungua programu ya hesabu, au barua aliyokuwa akiiandika. Ikoni yake kwenye utepe wa chini wa skrini inaonyesha kwamba iko wazi, lakini mbele ya macho hakuna kitu. Anabofya tena na tena, wapi! Kinachofuata katika ofisi na saiba nyingi ni kimoja kati ya mawili. Ama kitufe cha kuwashia kinashikiliwa mpaka mashine izimike, na kila ambacho hakikuwa kimehifadhiwa kinapotea. Ama mashine inabebwa hadi kwa fundi, na fundi asiye mwaminifu anatamka neno "virusi" na kutoza bei ya kuweka Windows upya.

Si virusi, na mashine haijaharibika. Dirisha liko wazi, limechorwa, na linapokea hata herufi unazopiga. Limewekwa tu mahali ambapo hakuna skrini ya kulionyesha.

Katika Windows kila dirisha lina anwani ya namba mbili. Ya kwanza inahesabu pikseli, yaani vile vidoti vinavyounda picha ya skrini, kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka juu kwenda chini, na kona ya juu kushoto ya skrini kuu ndiyo 0,0. Ukiwa na monita ya pili upande wa kulia wa skrini yenye upana wa pikseli 1920, monita hiyo inaanzia 1920. Ukiipanga kushoto, namba zake zinakuwa hasi, na dirisha linaweza kukaa kwenye -1500 bila kosa lolote. Sasa, programu nyingi zinapofungwa huandika anwani hiyo mahali ili siku ya pili zifunguke palepale. Monita ya pili ikiondolewa usiku, asubuhi programu inasoma -1500 na kwenda -1500, kumbe huko hakuna skrini tena. Programu iliyotengenezwa vizuri hukagua kwanza kama anwani bado ipo. Nyingi hazikagui, na nitalirudia hilo hapo chini kwa sababu baadhi ya programu hizo zinaandikwa papa hapa.

Kuna sababu mbili zinazolizalisha tatizo hili kwetu kuliko nyingine. Moja ni projekta na televisheni. Katika kumbi za semina za hoteli za Nyali na Bamburi, madarasa ya vyuo, misikiti na makanisa, laptopu inaunganishwa kwa waya, Windows inaipanua skrini badala ya kuonyesha picha ileile pande zote mbili, na mtu anaburuta dirisha upande wa projekta. Shughuli ikiisha, waya unang'olewa. Kwa kawaida Windows huyarudisha yenyewe madirisha yaliyo wazi wakati huo. Linaloumiza watu ni la programu iliyofungwa ikiwa bado upande wa projekta, kwa sababu ndiyo anwani iliyoandikwa.

Ya pili ni stima, na hii haielezwi vya kutosha. Laptopu ina betri. Monita ya nje haina. Stima ikipotea monita inazimika, laptopu inaendelea, na mwenye kazi anadhani kompyuta imejua kwamba monita haipo. Mara nyingi haijui. Katika waya wa VGA, pini ya 9 hubeba volti 5 kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye monita, na umeme huo mdogo unatosha kukiamsha kichipu kinachoitambulisha monita. HDMI nayo ina volti 5 kama hizo kwenye pini ya 18. Hivyo monita iliyokosa stima inaweza kuendelea kujitambulisha, na Windows inayaacha madirisha yote kwenye skrini iliyo giza. Waya wa DisplayPort kwa kawaida huenda kinyume: monita ikizimwa tu, huhesabiwa kuwa imeondolewa, madirisha yote yanahamia skrini iliyobaki, na monita ikiwashwa tena unayakuta yamerundikana upande mmoja. Kwa hiyo stima ikipotea ukiwa na monita ya VGA au HDMI, ng'oa waya kwenye laptopu yenyewe, si kwenye monita. Hapo Windows itajua.

Kabla ya kulitafuta dirisha, okoa kazi. Shikilia Alt, bonyeza Tab mpaka uifikie picha ndogo ya programu yako, kisha achia. Dirisha halionekani bado, lakini sasa ndilo linalosikiliza kibodi. Bonyeza Ctrl na S. Kama faili ilikuwa na jina tayari, imehifadhiwa. Kama haikuwa na jina, kisanduku cha kuuliza jina kitajitokeza, pengine nacho nje ya skrini. Andika jina, bonyeza Enter, halafu angalia kwenye folda ya Documents kama faili imeingia. Hata ukikosea hatua zote zitakazofuata, kazi haitapotea.

Hakikisha pia kwamba unalokabiliana nalo ni dirisha lililopotea kweli. Peleka kipanya juu ya ikoni yake kwenye utepe wa chini na usubiri kidogo, picha ndogo itatokea. Ikionyesha yaliyomo kama kawaida, programu ni nzima. Ikiwa jina lina maneno «Not Responding», hiyo imekwama, na dawa yake si hii. Na ikiwa kila kitu kimetoweka kwa mpigo, si dirisha moja, huenda ulibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl na D bila kukusudia. Hiyo hufungua meza («desktop») nyingine tupu katika Windows 10 na 11, na madirisha yako yamebaki kwenye meza ya kwanza. Kitufe cha Windows, Ctrl na mshale wa kushoto vitakurudisha.

Sasa tulirudishe dirisha. Kwa aliyetoka kutumia projekta au aliyepotelewa na stima, anza na kitufe cha Windows pamoja na P. Utapewa njia nne kwa mpangilio huu: «PC screen only», «Duplicate», «Extend» na «Second screen only». Chagua ya kwanza kwa mishale na ubonyeze Enter. Windows itaiondoa skrini ya pili katika hesabu zake na kuyavuta madirisha yaliyokuwa huko. Ukitaka kuendelea na skrini mbili, rudia hatua ileile na uchague «Extend».

Kama dirisha liko kwenye skrini ya pili ambayo kweli imewashwa lakini huioni, tuseme televisheni ya chumba kingine, lifikie kwa Alt na Tab halafu bonyeza kitufe cha Windows, Shift na mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha linaruka kutoka skrini moja hadi nyingine likiwa na ukubwa wake. Njia hii ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Lakini inahitaji skrini mbili zinazotambuliwa. Ukiwa na moja tu haifanyi lolote la maana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani vitufe vimeharibika. Kwa mwenye skrini moja, jaribu kitufe cha Windows na mshale wa kushoto bila Shift. Dirisha linaloweza kubadilishwa ukubwa litabanwa kwenye nusu ya skrini. Visanduku vidogo vya ukubwa usiobadilika havikubali amri hiyo.

Ile njia ya uhakika zaidi, ambayo ningependa kila karani aijue kwa moyo, ni ya menyu ya dirisha lenyewe. Lifikie dirisha kwa Alt na Tab. Shikilia Alt na ubonyeze kile kitufe kirefu cha nafasi. Menyu inafunguka, hata kama huioni. Bonyeza M, yaani «Move». Kisha bonyeza mshale wowote mara moja tu. Hapo dirisha limejifunga kwenye kipanya. Sogeza kipanya bila kubonyeza kitu, na dirisha litakuja nacho mpaka katikati ya skrini. Bofya kuliachia, basi.

Inapokataa, kuna sababu zake. La kwanza, watu huuruka ule mshale mmoja. Bila huo, kipanya hakijaunganishwa na dirisha, nalo halitoki lilipo. La pili, dirisha lililotandazwa skrini nzima haliwezi kusogezwa, na herufi M haifanyi kazi kwa sababu «Move» imefifia. Rudia Alt na kitufe cha nafasi, bonyeza R kwanza ili lirudi ukubwa wa kawaida, halafu anza upya na M. Lililokunjwa kwenye utepe wa chini nalo ni hivyohivyo. La tatu, kuna programu zinazoiteka amri ya Alt na kitufe cha nafasi kwa kazi zao, mfano PowerToys Run ya Microsoft. Ukiona kisanduku cha kutafuta kinatokea badala ya menyu, tumia mlango mwingine: shikilia Shift, bofya ikoni ya programu kwenye utepe wa chini kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na menyu ileile yenye «Restore» na «Move» itajitokeza mbele yako. Programu ikiwa na madirisha kadhaa wazi, Shift hukupa menyu ya kundi zima. Katika hali hiyo subiri picha ndogo zitokee, halafu ubofye kwa kitufe cha kulia ile unayoitaka.

Kuna sura moja ya tatizo hili inayowachanganya hata watu wazoefu. Dirisha kuu la programu unaliona vizuri, lakini kila ukibofya ndani yake kompyuta inalia na hakuna kinachotendeka. Programu haijakwama. Imefungua kisanduku cha kuuliza jambo, "Uhifadhi?" au "Una uhakika?", na kisanduku hicho kimeangukia nje ya skrini. Mpaka kijibiwe, dirisha kuu limefungwa mikono. Alt na Tab pengine hazikionyeshi, kwa kuwa Windows hukihesabu kama sehemu ya dirisha kuu. Bofya dirisha kuu mara moja, usikilize ule mlio, kisha papo hapo piga Alt na kitufe cha nafasi, M, mshale, na usogeze kipanya. Kikikataa, bonyeza Esc, ambayo kwa kawaida ni sawa na kusema "ghairi". Usibonyeze Enter ukiwa huoni swali. Huenda unakubali kufuta rekodi za mwezi mzima.

Niguse na madirisha ambayo hayajapotea ila yamezidi skrini, kwa sababu laptopu za mitumba zinazouzwa mjini kwa wingi zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Windows ikiwekwa kukuza maandishi kwa asilimia 125, programu inabakiwa na nafasi inayolingana na pikseli 1093 kwa 614. Kwa asilimia 150, kimo kinashuka hadi 512. Toa humo utepe wa chini, ambao ni pikseli 40 katika Windows 10 na 48 katika Windows 11. Kisanduku kilichobuniwa kwa kimo cha 650 hakiingii, na vitufe vya «OK» na «Save» vinabaki chini ya skrini. Karani anajaza fomu yote halafu hana pa kubofya. Fungua «Settings», halafu «System», halafu «Display», na ushushe «Scale» hadi asilimia 100 kwa muda wa kazi hiyo. Maandishi yatakuwa madogo lakini vitufe vitaonekana. Programu nyingine hazipimi upya mpaka zifungwe na kufunguliwa, kwa hiyo fanya hivyo kabla hujaanza kujaza. Kama hata asilimia 100 haitoshi, palepale kwenye «Display» kuna «Display orientation». Chagua «Portrait» na kimo kinakuwa 1366. Itakubidi ugeuze shingo, na kipanya kitakwenda upande usiouzoea, lakini kitufe kitafikika. Na kwa mwenye haraka, Tab huhamisha alama ya uteuzi kutoka kisehemu kimoja hadi kingine ndani ya kisanduku, hata vile usivyoviona.

Nije kwenye kosa linalowagharimu watu zaidi, nalo ni kuiondoa programu na kuiweka tena. Halisaidii, na kuna sababu. Anwani ya dirisha haikai kwenye folda ya programu. Inakaa kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, chini ya jina la mtumiaji, au kwenye folda ya AppData ya mtumiaji huyo, na programu nyingi zikiondolewa huyaacha hayo bila kuyagusa. Notepad ya Windows 10 na za kabla yake, kwa mfano, huandika anwani yake kwenye HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Notepad, katika vipengele vinavyoitwa iWindowPosX na iWindowPosY. Ukiweka programu upya mara kumi, mara zote kumi itasoma namba ileile mbovu. Kuna jaribio rahisi la kulithibitisha: fungua programu hiyohiyo ukiwa umeingia kwa jina jingine la mtumiaji katika kompyuta ileile. Ikifunguka vizuri, ujue programu haina kasoro na kilichoharibika ni kumbukumbu ya mtumiaji mmoja. Na dirisha likisharudishwa kwa kipanya, ifunge programu kwa njia ya kawaida likiwa linaonekana, ili anwani nzuri iandikwe juu ya ile mbaya. Anayelirudisha dirisha kisha akazima mashine kwa nguvu atalipoteza tena kesho.

Excel ina ukaidi wake. Mahali na ukubwa wa dirisha huandikwa ndani ya faili lenyewe la kazi, kwa hiyo tatizo husafiri kwa barua pepe. Mhasibu wa ofisi ya uwakala wa forodha mwenye monita mbili pana anaweza kumtumia mwenzake aliye Likoni jedwali ambalo kwenye laptopu yake ndogo litafunguka kombo, na mashine ya Likoni haina kosa. Nenda «View», kisha «Arrange All», uchague «Tiled», halafu uhifadhi faili. Tangu Excel 2013 kila jedwali lina dirisha lake kamili. Katika matoleo ya nyuma majedwali yalikaa ndani ya dirisha moja kubwa, na jedwali liliweza kupotea humo ndani huku Excel yenyewe ikionekana vizuri. Programu ya QuickBooks ya kompyuta bado hukaa hivyo. Kwenye menyu yake ya «View» chagua «One Window», na fomu iliyokuwa imejificha itatanda.

Wanaochora matangazo na kadi za harusi wakitumia GIMP, visanduku vya zana vikitoweka vyote kwa pamoja, bonyeza Tab kwanza. Kitufe hicho huvificha na kuvirudisha, nao wengi hukigusa bila kujua. Kama si hicho, nenda «Edit», «Preferences», «Window Management», ambako kuna kitufe cha kurudisha mahali pa madirisha pa awali, kisha ufunge na kufungua GIMP. Kwenye Photoshop pia Tab huficha paneli, na menyu ya «Window», kisha «Workspace», ina amri ya kurudisha mpangilio wa awali. LibreOffice, tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017, ina «Restart in Safe Mode» chini ya menyu ya «Help». Ndani yake chagua kurudisha mipangilio na sura tu. Usichague kufuta wasifu wote wa mtumiaji, maana utapoteza pia kamusi na violezo vyako.

Wenye Linux wana nafuu. Katika mazingira mengi ya Linux, Alt na F7 huanza kulisogeza dirisha kwa mishale, na katika GNOME unaweza kushikilia kitufe cha Windows na kuliburuta dirisha kwa kulishika popote, si lazima utepe wa juu. Wenye Mac wajaribu menyu ya «Window» na amri ya «Zoom».

Nimesema nitarudi kwa wanaotengeneza programu. Mombasa ina vijana hodari wanaoandika programu za maduka ya dawa, za karo za shule, za maghala, na nyingi ni za kompyuta ya mezani, si za intaneti. Nawaomba, kwa heshima, walichukulie jambo hili kama sehemu ya kazi yao. Dirisha likikunjwa, Windows hulihamishia kwenye anwani -32000, -32000. Programu inayojiandikia mahali ilipo wakati wa kufungwa, bila kuuliza kama imekunjwa, huandika -32000, na siku ya pili mwenye duka anaambiwa aite fundi. Katika Windows Forms, zana ya Microsoft ya kujengea madirisha ya programu, soma RestoreBounds badala ya Location dirisha linapokuwa limekunjwa au kutandazwa. Wakati wa kufungua, lipitishe umbo hilo kwenye orodha ya Screen.AllScreens na uangalie kama linakutana na WorkingArea ya skrini yoyote. Haitoshi likutane kwa pikseli moja. Dai sehemu ya utepe wa juu, tuseme pikseli 100 kwa 30, ionekane, kwa sababu utepe huo ndio mtu anaoushika kuliburuta. Lisipotimiza, liweke katikati ya skrini kuu. Anayeandika kwa kutumia amri za Windows moja kwa moja ana njia fupi zaidi: ahifadhi kwa GetWindowPlacement na arudishe kwa SetWindowPlacement, kwa kuwa hii ya pili hurekebisha yenyewe anwani iliyo nje kabisa ya skrini. Anayehifadhi namba ghafi za kushoto na juu amejinyima ulinzi huo.

Wape pia wateja wenu amri ya kurudisha dirisha, na iweze kufikiwa bila kuliona dirisha lenyewe: Shift ikishikiliwa programu inapofunguka, au ikoni ya pili kwenye menyu ya «Start». Na visanduku vyote vitengenezwe viingie katika kimo cha pikseli 560, au viwe na uwezo wa kuteremshwa kwa kipanya, kwa ajili ya zile laptopu za 768.

Kabla ya kukabidhi kazi, jaribuni hivi: unganisheni monita ya pili, pelekeni dirisha huko, likunjeni, ifungeni programu likiwa bado limekunjwa, ng'oeni waya, kisha fungueni. Rudieni monita ikiwa imepangwa kushoto, ili namba ziwe hasi. Rudieni tena mkiwa mmeingia kwa Remote Desktop, yaani kuitumia kompyuta kutoka mbali, kwenye mashine yenye skrini ndogo, maana ndivyo wenye maduka wengi wanavyoangalia mauzo wakiwa nyumbani. Haya yote hayamalizi nusu saa.

Wanaosimamia saiba na vyuo vya kompyuta, bandikeni ukutani mistari miwili tu: Ctrl na S kwanza, kisha Alt na kitufe cha nafasi, M, mshale mmoja, sogeza kipanya. Na kwa ofisi ambazo zimeshahamia Windows 11, fungueni «Settings», «System», «Display», «Multiple displays». Humo kuna visanduku viwili: kimoja cha kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita zilizounganishwa, kingine cha kuyakunja madirisha monita inapoondolewa. Viwekeni alama vyote viwili kwenye kila laptopu inayobebwa kwenda kwenye projekta.

Fundi wa kompyuta,
Mombasa